Kope za Mwokozi

Sura ya Tisa

Kuna watu wanaodharau kwa maneno, na kuna wanaodharau kwa kuguna. Sindano alidharau kwa kunyamaza. Alikutazama kuanzia kiatu hadi utosi, kisha akarudi kwenye cherehani yake kana kwamba pale uliposimama palikuwa na kiti kitupu. Wanakwaya waliomletea vitambaa vya kung'aa, vile vinavyochuja rangi mara ya kwanza vikiguswa na maji, waliujua vizuri mtazamo huo. Ndio waliompa jina la Sindano, na hakuna aliyekuwa na hakika kama ni kwa ajili ya kazi yake au kwa ajili ya ulimi wake pale ulipoamua kufunguka.

Alikuwa fundi wa mavazi ya ibada. Alishona majoho ya mapadre, kanzu za wanakwaya na vitambaa vya altare, na mishono yake ilikuwa midogo na imenyooka hivi kwamba masista wa shule ya ushonaji waliwaleta wanafunzi wao kuitazama. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na minne. Hakuwa ameolewa, na si kwa kukosa waposaji.

Sasa mwanamke huyo, kwa kuwa Mungu naye ana mizaha yake, alimpenda mchora mabango.

Shangazi yake Sindano ndiye aliyembandika kijana huyo jina la Kinyonga. Alidhani anamtukana. Kinyonga alipolisikia alicheka, akachukua brashi, akaliandika kwa herufi kubwa za kijani juu ya mlango wa karakana yake. Kwa kweli jina lilimkaa. Ukitaka kichwa cha ng'ombe kwa ajili ya bucha, alikuchorea ng'ombe ambaye mbwa walisimama kumtazama. Ukitaka sura ya marehemu baba yako, ulimpa picha ndogo ya kitambulisho, naye akakurudishia baba yako akiwa anakaribia kukohoa. Mabenki yalimwagiza mabaka mekundu na ya bluu, na watu wenye suti walisimama mbele ya mabaka hayo wakitikisa vichwa kana kwamba wameelewa. Na ukitaka watakatifu wa kizamani, wembamba, macho makubwa, duara la dhahabu nyuma ya kichwa, hao nao alikuwa nao.

"Leo hivi, kesho vile," Sindano alimwambia zaidi ya mara moja. "Wewe mwenyewe uko wapi?"

"Mimi niko kwenye brashi," Kinyonga alijibu.

Jibu hilo lilimkera miaka miwili mizima. Yeye alikulia mbele ya picha. Baba yake alipokuwa anakata roho, kulikuwa na picha moja ndogo ya Mama na Mtoto juu ya kitanda, imefifia, pembe moja imeliwa na mende, na baba yake aliishika kwa macho mpaka mwisho kama mtu anayeshika kamba. Tangu siku hiyo Sindano alijua jambo moja asilohitaji kufundishwa na mtu: picha takatifu huitazami wewe, inakutazama yenyewe. Sasa mtu anayechora chupa ya soda asubuhi, na jioni anamchora Mama wa Mungu kwa brashi ile ile, huku anapiga mluzi, huyo ana nini cha kumpa mtu anayekata roho?

Hata hivyo alimpenda. Akisikia pikipiki yake mtaani, mguu wake uliteleza kwenye pedali ya cherehani. Alijidharau kwa hilo pia.

* * *

Jumamosi ile, saa nane mchana, Sindano alipanda ngazi za kanisa akiwa amebeba kitambaa kipya cha altare mikononi. Shangazi alikuwa nyuma yake, akihema na kuzungumza kwa pamoja, jambo ambalo alilimudu vizuri.

"Askofu anakuja kesho kubariki huo ukuta aliouchora Kinyonga wako, sawa. Hayo ni ya kanisa. Mimi nina la kwangu," alisema Shangazi. "Posa ya huyo kijana imekaa nyumbani miezi miwili kama mgeni asiyejua kuaga. Mama yako amesema leo nisirudi na 'tutaona'. Nirudi na neno moja. Ndiyo au hapana."

"Neno unalo, Shangazi. Ngoja nitandike kwanza."

"Ni lile tunalolitaka, la hapana?"

Sindano alisukuma mlango kwa bega. "Ndilo."

Shangazi alitabasamu na kujifunga kanga yake upya kiunoni, kama mtu aliyemaliza kazi. Yeye ndiye aliyesimama mahali pa marehemu kaka yake katika mambo ya familia. Aliona kwamba kaka yake hakufa ili binti yake aolewe na mtu mwenye rangi ya kijani kwenye kucha.

Ndani kulinuka rangi mbichi na mbao. Jukwaa la mabomba la kupandia lilikuwa limeshushwa tangu Alhamisi, ikabaki ngazi moja ndefu iliyoegemezwa ukutani. Kinyonga alikuwa kwenye vidato vya altare akisugua matone ya rangi sakafuni. Alisimama haraka alipowaona, akajifuta mikono kwenye suruali, ikawa chafu zaidi, na mikono pia.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Ndiyo kazi ya miezi minne hii? Mimi ningepiga chokaa siku mbili nikaenda zangu."

"Chokaa ingekuwa imetulia zaidi, Shangazi, ni kweli."

Shangazi hakupenda watu wanaokubali matusi. Alianza kukagua. Ukuta wa kushoto, Kinyonga alikuwa amechora watakatifu wa kizamani, wamejipanga kwenye dhahabu.

"Hawa mbona bapa? Walipitiwa na gari?"

"Ndivyo walivyochorwa zamani. Hawana kivuli, kwa sababu mbinguni mwanga hautoki upande mmoja."

"Ulifika?" Shangazi alihamia ukuta wa kulia, walipokuwa wanawake kaburini asubuhi, waliochorwa kama picha ya kupigwa, hadi mikunjo ya vidole. Alikodoa macho. "Huyu wa katikati namjua. Si ndiye yule wa bango la saluni pale sokoni?"

"Ni dada yake."

"Na malaika?"

"Malaika ni mimi mwenyewe, Shangazi, kabla sijakonda kwa kungoja jibu."

Sindano alikuwa amewapa mgongo, anatandika kitambaa, na alishukuru kwamba mgongo hauna uso. Alikaribia kucheka. Alikunja pindo, akalinyoosha kwa kiganja, akapiga hatua tatu nyuma, ndipo akainua macho kwenye ukuta wa mbele.

Mwokozi alisimama mikono wazi, mrefu kama watu watatu waliobebana, uso wake juu karibu na paa. Hakuwa bapa, wala hakuwa kama picha ya kupigwa. Kinyonga alikuwa amechukua kitu huku na kitu kule na kutengeneza kitu chake. Kope zilikuwa zimeshuka nusu, midomo imefungwa kwa upole. Ukimtazama hivi, umesimama katikati ya kanisa, alikuwa mzuri sana. Sindano aliuma shavu lake kwa ndani.

"Inapendeza," alisema. Ni sauti aliyoitumia kwa vitambaa vya kung'aa.

Kinyonga aliijua sauti hiyo. "Basi?"

"Ulisali kabla hujaanza ule uso?"

"Nilisafisha brashi."

"Nimekuuliza kama ulisali."

"Nami nimekujibu. Ukuta hauulizi. Rangi inashika kwa mtakatifu, inashika kwa mlevi. Wewe kwani unasali kabla ya kutunga uzi kwenye sindano?"

"Ndiyo," alisema Sindano.

Shangazi alitoa mluzi mdogo wa furaha, akaketi kwenye benchi ili aone vizuri.

* * *

Kulikuwa na mtu mwingine kanisani. Bibi mmoja, mjane, aliyesugua sakafu ile tangu Sindano akiwa mtoto wa mafundisho. Kila mtu alijua mahali pake: benchi la kwanza, upande wa kulia, magoti kwenye ubao mtupu, bila mto. Leo alikuwa amepiga magoti benchi la mwisho kabisa, nyuma ya nguzo.

Sindano alimwendea ili apate pumzi. "Bibi, shikamoo. Mbona leo huku nyuma? Rangi inakuumiza kifua?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hapana, siyo rangi." Bibi aliangalia huku na huku, kisha akashusha sauti. "Usimwambie kijana, amefanya kazi nyingi. Ila pale mbele siwezi kukaa. Tangu Alhamisi nimejaribu. Nikipiga magoti, Bwana ananitazama kama mwenye nyumba anavyomtazama mtu aliyekosea mlango."

Sindano alidhani ni uzee. Aliona huruma, na ndani ya huruma dharau kidogo, kama kawaida yake. Akarudi mbele ili ahakikishe tu, akapiga magoti mahali pa yule bibi, akainua uso.

Akaganda.

Macho yalikuwa yamegeuka nyufa mbili. Kope zilizokuwa za upole, kwa mtu aliye chini, zilikuwa zimefungwa nusu kwa kuchoka. Kidevu kilikuwa kimesogea mbele. Midomo ilikuwa imejibana kwa namna ya mtu anayezuia kusema, "Nani amekuruhusu?" Ile mikono iliyokuwa wazi sasa ilikuwa mikono ya mtu anayesema, "Unaona ninavyovumilia?"

Alisogea kushoto. Ikamfuata. Alisogea kulia. Vilevile. Alijaribu kuanza sala aliyoisali mahali pale tangu utotoni, na kwa mara ya kwanza maishani maneno yalimrudi kinywani kama barua iliyokataliwa.

Na kibaya zaidi, uso ule aliujua. Aliuona kila siku kwenye kioo cha chumba cha kupimia nguo, pale mteja alipotoa kitambaa kibaya. Ulikuwa mtazamo wake mwenyewe, kuanzia kiatu hadi utosi.

Mtu mwingine angelia. Yeye alipandwa na hasira.

"Wewe!" aliita bila kuinuka. "Njoo hapa!"

"Kuna nini?"

"Umemchora Bwana akiwa anawadharau watu."

Kinyonga alicheka. Kilikuwa kicheko kigumu cha mtu aliyechoka. "Mpigapicha wa jimbo alikuja jana, akapiga picha hamsini. Paroko mwenyewe amesimama hapo, amelia."

"Alilia akiwa amesimama! Wewe ulipiga magoti hata mara moja ukaangalia?"

"Mimi natazama kazi yangu nikiwa wima."

"Hakuna anayekuja hapa kutazama kazi yako. Watu wanakuja hapa wamebeba wafu wao, na wagonjwa, na waume waliowakimbia. Wanaweka magoti hapa. Miezi minne ulikuwa huko juu jukwaani, uso kwa uso naye kama jirani wa dirishani, ukamchora awe mzuri kwako. Sisi wa chini umetupa kidevu!"

"Fundi cherehani leo ananifundisha kope."

"Fundi cherehani anapima nguo kwenye mwili wa atakayeivaa! Hapimi kwenye mwili wake!"

"Mchome, mwanangu, mchome," alisema Shangazi kutoka benchini. Alikuwa amevua viatu.

Kinyonga alitupa kitambaa chake cha kufutia. Hakupiga magoti. Alikuja tu, akaketi sakafuni karibu na Sindano kama mtoto aliyenuna, bega lake likiwa usawa wa bega la Sindano, akainua uso.

Kulisikika bibi wa nyuma akihesabu rozari.

Kinyonga alitazama kwa muda mrefu. Rangi ilimtoka usoni. Alifuta macho kwa mkono, akatazama tena, akasema kwa sauti ndogo sana, "Kwenye bango nisingekosea hivi."

"Unasema nini?"

"Nasema kwenye bango nisingekosea. Mchora mabango wa siku ya kwanza anajua hili. Bango linakaa juu, mtu anapita chini, kwa hiyo unarefusha uso kwenda juu. Kidevu unakifupisha. Jicho unalifungua kuliko jicho la kweli, na mboni unaishusha, ili imkute mpita njia pale alipo. Kwa karibu linaonekana kama kituko, lakini mtu wa barabarani anasema, 'Huyu ananiita mimi.' Ndiyo kazi yenyewe. Hakuna kingine tunachojua, ila hicho tunakijua."

"Sasa kama unakijua, kwa nini hukukifanya?"

Kinyonga alimgeukia. Sindano aliyaona macho yake kwa karibu, na hakukuwa na mzaha hata kidogo ndani yake.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Siku nilipopewa ukuta huu nilikuja kwako mbio. Niliacha pikipiki katikati ya njia. Wewe ulikuwa unashona, hukuinua hata kichwa. Ulisema, 'Ukipeleka tone moja la mabango yako kwenye ukuta ule, usikanyage tena mlango huu.' Mimi nikaapa. Nikafungia daftari langu la vipimo vya mabango kwenye sanduku. Nikachora kama wanavyochora watu waliosoma, uso wa kutundikwa sebuleni. Kila asubuhi mkono ulitaka kuifungua ile kope. Kila asubuhi nikauambia mkono, hapana, atasema ni bango."

Sindano alikumbuka. Alikumbuka hata rangi ya uzi aliokuwa akishona siku ile.

Alitaka kusema neno la kujitetea, na alikuwa nayo mengi. Angesema alikuwa anatetea nyumba ya Mungu. Ni kweli, ndivyo alivyojiambia wakati ule. Lakini alikuwa bado amepiga magoti, na magoti ni mahali pagumu pa kudanganyia. Hakuwa ametetea nyumba ya Mungu. Alikuwa ameona haya kumpenda mtu anayechora vichwa vya ng'ombe, na haya yake ndiyo iliyokuwa inamtazama sasa kutoka ukutani, ikiwatazama na wajane.

"Panda ngazi," alisema.

"Nini?"

"Panda. Mchore kama bango."

Kinyonga alimkazia macho. "Rudia."

"Usinisimange. Nimesema panda."

"Sikiliza. Askofu anaingia kesho saa tatu asubuhi. Nikigusa uso huu na mkono ukakosea, hakuna muda wa kurudisha. Atabariki Mwokozi asiye na macho, na mimi sitapata tena ukuta wa kanisa lolote maishani. Na huko juu sioni kitu! Nikiwa pale, pua yangu iko kwenye pua yake."

"Utaona kwa macho yangu. Mimi sitoki hapa."

"Kwa magoti?"

"Nimekuambia upige magoti wewe? Magoti yako ni yako na Mungu wako. Leo haya yangu yanatosha."

Kinyonga aliinuka, akachukua makopo matatu na brashi mbili, akapanda.

"Jamani," Shangazi alisema, akitazama dari kama mtu anayeomba shahidi, "mimi nimezika waume wawili, lakini hili sijaliona. Mtu anapakwa macho kwa maelekezo ya cherehani."

* * *

Alianza na kidevu. Alikikata kwa rangi ya ndevu, kikarudi nyuma. Kisha mdomo. Sindano aliita kutoka chini, sauti yake ikipanda hadi kwenye paa.

"Pembe ya kulia iachie. Iachie, umeibana kama mfuko!"

"Hivi?"

"Bado. Basi! Hapo."

"Kope nifungue kiasi gani?"

"Nusu kidole."

"Kidole chako au changu?"

"Changu. Chako kinene."

Jicho la kulia lilikubali upesi. Jicho la kushoto lilikuwa balaa. Mara ya kwanza alilifungua mno, Mwokozi akawa kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Sindano akasema, "Futa." Akafuta. Mara ya pili likatazama pembeni, kwenye kisanduku cha sadaka. "Futa!" Shangazi alicheka hadi akakohoa, akasema huyo sasa ni mhasibu. Kinyonga alifuta tena, na safari hii mkono wake ulibaki hewani. Chini yake, Sindano hakuyasikia tena magoti yake.

"Hivi," Kinyonga aliita bila kugeuka, "wewe unasemaga nini?"

"Lini?"

"Kabla ya kutunga uzi."

Hakuwahi kumwambia mtu. Hata mama yake. Na sasa ilibidi apaze sauti kanisa zima lisikie. "Nasema, 'Bwana, mkono wangu usikuzuie.'"

"Basi?"

"Basi."

Kinyonga alisimama pale juu, kisogo tu kikionekana, brashi ikiwa mbali na ukuta, muda mrefu kuliko unavyohitajika kuchanganya rangi. Sindano hakujua alichokuwa anafanya wala hakuuliza. Kuna mambo ya mtu ambayo hata mpenzi wake hapaswi kuyachungulia. Kisha mkono ulikwenda, mara moja, bila kusita, kama mtu anayeandika jina lake. Alishusha mboni. Akaacha nukta moja nyeupe, ndogo. Akaondoa mkono.

"Sema," alisema.

Sindano hakusema.

Mimi nimejaribu mara nyingi kuliweka kwa maneno jambo hili na sijaweza, kwa hiyo nitasema machache. Sindano hakuiona rangi tena. Hakuona kazi nzuri wala kazi mbaya, wala mtindo wa zamani, wala wa chuo, wala wa sokoni. Alihisi anaonekana. Alionekana pamoja na ulimi wake, na ile tabia ya kupima watu kwa macho, na yale maneno aliyoyasema bila kuinua kichwa kutoka kwenye cherehani, na aliyemwona hakuondoa uso. Machozi yalimtoka bila sauti, yakaanguka kwenye mikono yake.

"Sema basi!" Kinyonga alipiga kelele, hofu imemjaa. "Anakutazamaje?"

"Ananiona," alisema Sindano.

Kinyonga aliegemeza paji la uso kwenye ngazi.

Shangazi alikuwa ameacha kucheka. Alimtazama mpwa wake, akautazama ukuta, na kwa kuwa alikuwa ameketi hakuona vizuri, lakini aliuona uso wa binti wa kaka yake, na uso huo hakuwa ameuona tangu mazishi. Alianza kuvaa viatu vyake polepole.

"Saa kumi na moja hii," alisema. "Mama yako ananisubiri. Nipe neno langu niende."

Sindano alijifuta kwa kiganja. Magoti yalikuwa yamekufa ganzi, hakuweza kuinuka, kwa hiyo alijibu palepale alipokuwa.

"Mwambie Mama, ndiyo."

"Ndiyo ipi?"

"Ipo moja tu, Shangazi. Naolewa na mchora mabango."

Huko juu kopo lilianguka. Liligonga kidato cha ngazi, likabingirika sakafuni, likaacha mstari wa rangi ya ngozi hadi kwenye mguu wa altare, nusu inchi kutoka kwenye kitambaa kipya, na Sindano, kwa mara ya kwanza tangu alipozaliwa, aliona doa likitokea na hakusema chochote. Kinyonga alikuwa amegeuka nusu, mkono mmoja ukiwa umeshika ngazi, mwingine brashi, mdomo wazi, hajui kama anaruhusiwa kufurahi.

Shangazi alisimama. Alimtazama yule kijana kwa mtazamo wa ukoo wao. Alianza na viatu, akapanda kwenye suruali yenye rangi za mataifa yote, akapita kwenye kucha, akafika utosini, akarudi chini tena, kana kwamba anatafuta hata sehemu moja ya kumrudishia wifi yake kama habari njema. Alichukua muda wake.

Mwishowe alichukua mkoba wake.

"Haya," alisema, akielekea mlangoni. "Mwambieni ashuke taratibu. Siwezi kumpelekea wifi yangu mkwe aliyevunjika mguu."